Injini Inapobisha Hodi

Usione vyaelea, vimeundwa, walinena wahenga. Niliikumbuka methali hii huko Laini Saba, mtaani Kibera, nilipomkuta kijana mmoja fundi wa magari ameinamia injini ya Toyota Starlet. Wiki chache awali alikuwa ameifunga turbo kuukuu, nalo gari likawa linapanda mlima kama swara. Sasa pistoni moja ilikuwa imetoboka na akiba ya mwenye gari imeteketea. Nilipomwuliza kisa, alinijibu kwa mkato: "Imenoki, mwalimu."

Neno hilo yafaa tulizingatie. Asili yake ni Kiingereza, na maana yake ni kugonga, kama mgeni agongavyo mlango. Wahandisi hulitumia kwa ule mlio wa kokoto ndani ya mkebe unaosikika petroli inapolipuka yenyewe silindani, badala ya kungoja moto wa plagi uifikie. Hilo ni jina la onyo. Katika Kiswahili cha gereji zetu, hata hivyo, kunoki ni kufa kwa injini. Onyo limegeuka kuwa jina la kifo, yamkini kwa sababu hodi yenyewe aghalabu haiitikiwi.

Tusiharakishe kumcheka kijana huyu. Injini hula hewa kuliko mafuta: kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue barabara. Nairobi nayo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama nne kwa tano tu ya ule wa Mombasa. Gari linalojivutia pumzi lenyewe hupungukiwa. Turbo huliziba pengo hilo: moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine lililo kwenye mhimili uo huo, ambalo huishindilia hewa silindani. Ni magari ya Toyota Celica yenye turbo yaliyotwaa ushindi wa Safari Rally mfululizo mwaka wa 1984, 1985 na 1986. Tamaa ya kijana wetu basi haikuwa upuuzi.

Kosa lilikuwa kwingine. Hewa ikishindiliwa hupata joto; mwenye shaka na aguse pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Injini ya kawaida ya Starlet ya lita 1.3, iitwayo 4E-FE, huubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 9.6. Ndugu yake 4E-FTE, aliyezaliwa na turbo kiwandani, katika Starlet GT huubana mara 8.2 tu, tena amewekewa kifaa cha kuipoza hewa kabla haijaingia, ndipo akafikia nguvu-farasi 135. Waundaji walipunguza mbano kwanza, kisha wakaongeza pumzi. Fundi wetu aliongeza pumzi bila kupunguza mbano, bila kuipoza hewa, na bila kuongeza petroli ya kuandamana na hewa hiyo. Joto likajumlishwa na joto. Injini ilibisha hodi siku kadhaa. Yeye alidhani ni mlio wa nguvu mpya.

Je, hakufundishwa? Alifundishwa. Alimaliza kidato cha nne, akazikariri kanuni za gesi kwa Kiingereza na kuziandika katika mtihani. Lakini lugha ya darasani ilibaki darasani, na lugha ya gereji ikabaki gerejini. Hazikuwahi hata kuamkiana. Nilipomtolea mfano wa pampu kwa Kiswahili, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa huzuni: "Kumbe ni ile ya gesi tuliyosoma!"

Wako watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kulibeba somo kama hili. Makala haya yameeleza turbo bila kutoka nje ya Kiswahili, na maneno mengi ni ya mafundi wenyewe. Sidai Kiingereza kifukuzwe shuleni. Ombi langu ni dogo: mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili wawapeleke wanafunzi gerejini asubuhi moja tu, waulize kila chombo kinaitwaje, kinafanya kazi gani, na ni kanuni ipi ya daftarini inayokitawala. Nanyi wanafunzi, mwelezeni mtu wa nyumbani kwa lugha yake kile mlichokisoma. Msipoweza, jueni hamjakielewa bado.

Vijana wetu hawakosi ari wala mikono mepesi. Wanachokosa ni daraja kati ya kitabu na spana, na gharama yake hulipwa na wasio nacho. Hodi imekwisha kubishwa. Tulio ndani na tuitike.