KARAFUU KATIKA PAI YA NYAMA YA WAINGEREZA WA ZAMANI



Wakati wa kuanika, mara nyingi twaulizana: hawa wanunuzi wa mbali huzifanyia nini karafuu zetu? Wengi twajua kuwa Indonesia karafuu nyingi huvutwa katika sigara. Leo twapenda kuleta khabari ya jiko jingine, jiko la Mwingereza wa zamani, kwani ndani yake mna chakula kizuri, na pia mna onyo kwa mkulima.

Zamani pai ya Kiingereza haikuwa kitafunio chepesi. Ganda lake lilikuwa nene na gumu, likafanya kazi ya chungu: nyama ilitiwa ndani, ikafunikwa, ikaokwa. Ganda hilo waliliita kwa neno ambalo siku hizi kwao ni jeneza. Wakati ule maana yake ilikuwa sanduku tu. Wapishi wa Mfalme Richard II, ambao mapishi yao yaliandikwa karibu mwaka 1390, walitumia karafuu. Nazo zilikuwa kitu cha matajiri, maana mikarafuu wakati huo ilikuwa ya visiwa vya Maluku tu, na mpaka karafuu ifike London ilikuwa imepita mikono mingi.

Mwaka 1615 Bwana Gervase Markham alitoa kitabu cha kazi za mama wa nyumbani. Humo mna pai ambayo mtu wa pwani akiisoma hataiona ngeni. Nyama ya mguu wa kondoo huchemshwa kidogo, ikakatwakatwa pamoja na ratili tatu za shahamu ya kondoo, ikatiwa pilipili manga, chumvi, karafuu na basbasi. Kisha hutiwa zabibu kavu, plamu kavu, tende na maganda ya machungwa. Wakati wa kuandaa, kifuniko hufunuliwa na sukari ikanyunyizwa juu.

Tuliijaribu nyumbani. Mara ya kwanza, kwa kuwa karafuu ni mali yetu, tulitia kijiko kizima cha unga wake. Ndimi zilikufa ganzi, na watoto wakaikataa. Mara ya pili tulipima, na sahani zilirudi tupu. Kipimo ni hiki:

Nyama ya kondoo au mbuzi nusu kilo, ichemshwe kidogo, ikatwe vipande vidogo sana. Shahamu yake, ukufi mmoja. Karafuu vichwa vitano vilivyotwangwa, basbasi kidogo, pilipili manga na chumvi. Zabibu kavu konzi mbili, tende saba zilizotolewa kokwa, na ganda la nusu chungwa lililokatwa jembamba. Plamu tuliziacha.

Kwa ganda, chukua unga wa ngano vikombe vitatu na chumvi kidogo. Yeyusha samli nusu kikombe katika maji ya moto robo tatu ya kikombe, umimine kidogo kidogo, ukande ungali na moto. Waingereza wengi hutumia mafuta ya nguruwe katika ganda la namna hii. Sisi hatuna haja nayo, samli yatosha kabisa. Tandaza theluthi mbili za kinyunga ndani ya sufuria iliyopakwa samli, tia nyama, funika kwa sehemu iliyobaki, ubane kingo, utoboe tundu katikati ili mvuke utoke. Asiye na tanuri apalie makaa juu na chini, moto wa wastani, kwa muda wa saa moja.

Sasa lile onyo. Pai hii haikubaki ilivyokuwa. Mwaka 1747, katika kitabu cha Bibi Hannah Glasse, nyama ilikuwa hiari: atakaye aitie, asiyetaka aache. Katika karne ya 19 nyama ikazidi kutoweka, na leo pai ndogo za Krismasi za Uingereza ni za matunda, ingawa jina lake bado lataja nyama. Karafuu ilibaki upande wa matunda. Pai za nyama za kawaida, nyingi zatosheka na chumvi na pilipili.

Tena tazameni miaka yenyewe. Miche ya Maluku ilifikishwa Mauritius mwaka 1770 kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, na mikarafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Basi pai ya nyama ilipokuwa imejaa karafuu, karafuu hizo hazikuwa zetu; na visiwa vyetu vilipokuja kulisha soko la dunia, mpishi wa Kiingereza alikuwa amekwisha kuanza kuitoa nyama. Hapana aliyemwandikia mkulima barua kumwarifu. Jiko hubadilika kimya kimya.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, tuzijue karafuu zetu kwa ulimi, si kwa mizani peke yake. Pili, tuchambue makonyo kwa uangalifu, maana mafuta yake ni machache sana kuliko ya vichwa. Mpishi hupima vichwa vitano. Kama ndani ya unga wake mna makonyo, chakula kitapooza, na safari ijayo atatafuta kiungo kingine.

Atakayeipika pai hii na atuletee khabari ofisini. Akituletea na kipande, hatutakikataa.

Wassalaam,
Katibu wa Chama