Operesheni Imekwisha, Mbona Nesi Hamwachi Mgonjwa Alale?

Jamaa wengi wakiambiwa operesheni ya mshipa wa ubongo imekwenda salama, hushusha pumzi: alhamdulillahi, yamekwisha. Kumbe kazi ya manesi ndiyo kwanza inaanza.

Chukua mgonjwa aliyepasukiwa na mshipa uliofura kama kijiputo. Daktari hufungua fuvu akakibana kwa klipu, au hupitisha mpira mwembamba kutoka pajani akakijaza waya laini. Damu haitoki tena. Lakini ile iliyokwisha kumwagika huiudhi mishipa mingine. Hasa kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu kupasuka, mishipa hiyo inaweza kujibana, ubongo ukakosa damu. Asubuhi mtu anazungumza, jioni mkono umelegea.

Ndiyo maana siku za mwanzo nesi humwamsha kila saa, hata usiku wa manane. Humulika mboni, humwambia abane vidole, humuuliza jina lake na yuko wapi. Kisha hutoa alama kwa kipimo kilichobuniwa mjini Glasgow mwaka 1974: 15 yuko macho na akili timamu, 3 hajitambui kabisa. Zikishuka, daktari anaitwa papo hapo. Dawa ya nimodipini nayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4 kwa siku 21, usiku haurukwi.

Sasa sisi wa Ghuba tuna letu. Nesi wa wodini mara nyingi katoka India au Ufilipino, na mama yetu akizinduka ulimi wake ni Kiswahili cha Unguja. Nesi atajuaje kama kajibu sawa au anapayuka? Hapo mtu mmoja wa nyumbani anafaa kuliko kumi. Mwambie nesi mapema: mama hasikii sikio la kulia, mkono huu dhaifu tangu zamani. Ukiona maneno yanamkwama, mdomo umekwenda upande au usingizi umezidi, usingoje daktari apite. Mwite nesi.

Usimpe uji wala maji ya Zamzam kabla hajapimwa kama anameza vizuri, yasije yakaingia mapafuni. Usikiguse kitanda; kichwa kimeinuliwa makusudi, kwa kawaida nyuzi 30. Dua isomwe kwa sauti ya chini. Na nesi akija saa nane ya usiku, usimnunie. Inuka umfasirie.