Mgeni wa Kolo akilala, mkulima anauza nini?

SAA kumi na mbili asubuhi gari la wageni linatoka Dodoma mjini na kushika barabara ya Kondoa. Ndani kuna maji ya chupa, mikate na matunda, vyote vimenunuliwa dukani mjini. Mchana wageni wanapanda mlima Kolo, wanaangalia michoro ya kale, wanapiga picha. Jioni hao wamesharudi hotelini Dodoma.

Kwa siku hiyo moja wametumia fedha nyingi. Wamelipia gari, mafuta, hoteli na kiingilio. Lakini ukimuuliza mkulima ambaye gari limepita mbele ya shamba lake ameuza nini, jibu ni fupi: vumbi tu.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na hapo hapo ndipo ilipo nafasi ya biashara. Makala haya yanaangalia jinsi mkulima na mfanyabiashara mdogo, awe wa Kolo au wa Mkonze pembezoni mwa Jiji la Dodoma, anavyoweza kupata chake katika safari hiyo.

Kilichopo mlimani

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, na lina mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Watu wameichora miamba hiyo kwa muda usiopungua miaka 2,000.

Michoro myekundu, yenye twiga, swala, tembo na watu wembamba warefu, inahusishwa na wawindaji wa kale. Ile myeupe ni ya baadaye na inahusishwa na wakulima na wafugaji. Mtafiti Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983.

Kituo cha kuanzia ni kijiji cha Kolo, kama kilomita 180 kutoka Dodoma, mbele kidogo ya mji wa Kondoa. Mgeni anajiandikisha kwenye ofisi ya mambo ya kale, analipa na kupewa mwongozaji. Baada ya hapo anaelekea Mungomi, ambako sehemu ya mwisho ni kupanda mlima kwa miguu. Mwenye siku ya pili anaweza kufika Pahi, Fenga au Kisese.

Mungomi si makumbusho tu. Hadi miaka ya karibuni wenyeji wamekuwa wakifanya matambiko hapo, yakiwemo ya kuomba mvua. Mgeni anayeelezwa hayo na mwenyeji anaondoka na jambo ambalo picha peke yake haiwezi kumpa.

Kondoa ina historia nyingine pia. Mwezi Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali van Deventer na yale ya Kijerumani ya von Lettow-Vorbeck yalipigana Kondoa Irangi.

Makorongo nayo ni somo

Mkulima anaweza kudhani shamba lake halina la kuonyesha. Anakosea. Kondoa ni miongoni mwa maeneo yaliyojulikana sana nchini kwa mmomonyoko wa udongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Uamuzi huo uliwauma wafugaji wengi, lakini miti na nyasi vilirudi mahali palipokuwa mchanga mtupu.

Makorongo yale bado yanaonekana. Mzee anayekumbuka hali ilivyokuwa, akitembea na mgeni kutoka korongo hadi shamba la matuta, ana ziara kamili ya saa mbili. Haihitaji mtaji zaidi ya maneno yake na njia iliyosafishwa.

Njia imefunguka

Zamani safari ya Kondoa ilikuwa adhabu, hasa wakati wa masika. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2024 treni ya abiria ya SGR ilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam, safari ya chini ya saa nne kwa treni ya haraka.

Maana yake ni kwamba mgeni anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na kulala Kondoa usiku huo huo. Lakini lami ina hasara yake pia. Inamfikisha mgeni upesi, na inamwondoa upesi vile vile. Kama hakuna cha kumzuia, atapita.

Mkonze inaingiaje?

Biashara ya wapita njia si ngeni kwa Wagogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame. Wenye visima waliwatoza hongo ya nguo, shanga na waya, na wakawauzia nafaka. Msafara haukuwa na ujanja, kwani bila maji hausogei.

Leo mgeni hana shida ya maji, ila ana hamu ya kuona na kuonja. Mkulima wa Mkonze ana zabibu, kuku wa kienyeji, ubuyu, ukwaju, asali, ugali wa mtama na mlenda. Yuko jirani na mji ambao baadhi ya wageni wa Kolo wanaanzia na kumalizia safari. Anaweza kuuza chakula cha njiani asubuhi, na matembezi ya shambani siku wanaporudi.

Zabibu ina habari yake. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Bihawana, Dodoma, miaka ya 1950, na leo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Mgeni kutoka Ufaransa au Italia atapenda kuliona kwa macho yake. Angalizo ni kwamba divai ya kuuza sharti ipitie vibali vya ubora vya TBS. Ya kienyeji isiyo na kibali inaweza kukuletea kesi badala ya faida.

Fedha iko kwenye kulala

Tuchukue mfano wa wageni wanne. Wakila chakula cha mchana kijijini kwa Sh10,000 kila mmoja, kijiji kimepata Sh40,000. Wakilala kwa Sh25,000 kila mmoja inaongezeka Sh100,000, na bado kuna chakula cha jioni, chai ya asubuhi na mwongozaji wa siku ya pili. Hesabu hii ni ya mfano tu, kila mahali pana bei zake, lakini inaonyesha kuwa usiku mmoja unazidi michana miwili.

Wafaransa waliliona hilo mapema. Mwaka 1951, vijana wakihama milimani kwenda mijini, familia ya kwanza katika kijiji cha Alps ilifungua nyumba ya shambani kupokea wageni. Mwaka 1955 wenye nyumba kama hizo waliunda umoja wao, Gîtes de France, wenye alama moja na viwango vinavyokaguliwa. Lengo lilikuwa mkulima apate kipato cha pili bila kuacha kulima.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni Mto wa Mbu, mkoani Arusha. Utalii wa utamaduni ulianzishwa huko miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi. Wageni hutembezwa katika mashamba ya migomba, hula chakula kilichopikwa na kina mama wa kijiji, na sehemu ya malipo huingia kwenye maendeleo ya kijiji.

Msimu nao unamkubali mkulima wa Dodoma. Mvua ni Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mazao ya chakula yakiwa yamevunwa na mikono iko huru, ndipo njia zinapokauka na wageni wengi wanaposafiri.

Usichinje kuku wa mayai

Biashara yote hii inasimama juu ya rangi nyembamba iliyopakwa mwambani. Ikifutika, hairudishwi. Wapo waliomwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha, na maji hayo huiharibu. Wapo waliochimba mapangoni wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani. Waliacha mashimo, wakaharibu tabaka ambazo wataalamu wangezisoma.

Kijiji kinachouza chakula na malazi kina sababu ya kumzuia mchimbaji. Kijiji kisichopata kitu kitamwangalia tu akipita na sururu yake.

Pa kuanzia

Usianze na kujenga hoteli. Anza na kikundi cha watu watano hadi kumi, kijulikane kwa serikali ya kijiji au mtaa, na kiulize halmashauri kuhusu leseni na ofisi ya mambo ya kale kuhusu masharti ya kuingiza wageni.

Tayarisheni choo safi, maji ya kunawa na chumba kimoja chenye chandarua. Andikeni bei ubaoni, ya mgeni wa ndani na wa nje, na msiibadilishe kwa kuangalia sura ya mtu. Toeni stakabadhi. Wekeni alama za njia kwenye vibao, kamwe si kwenye miamba.

Kisha nendeni kwa madereva na wenye hoteli wa Dodoma mjini, muwaambie mnacho nini na kwa bei gani. Wao ndio humwambia mgeni pa kusimama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Kolo ameshaanza kuja. Kama mwenyeji atapona, itategemea mgeni huyo amekuta nini mezani.