Mbao iko na njia yake

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaongojea bwana apande kutoka shimoni, leo tunasema juu ya mbao. Mupini wa nyundo ukivunjika, wakubwa wanasema: "Alipiga vibaya." Kamaradi wetu mumoja aliumia muguu vile, kichwa cha nyundo kiliruka. Sisi tuliokota vipande. Mupini ulipasuka kimshazari, juu nyuzi zake zilitoka pembeni mbele ya kufika mwisho. Kupiga vibaya ni wapi pale?

Kuko watu wasiocheza na jambo hili hata kidogo: mafundi wanaotengeneza tena ndege za zamani za mbao. Mosquito, ndege ya vita ya Waingereza, iliruka mara ya kwanza mwaka 1940. Walitengeneza zaidi ya 7,700, karibu yote mbao na gundi. Moja iliyoharibika walijenga upya kule New Zealand, ikaruka tena mwaka 2012.

Kazi yao inaanza na kuangalia nyuzi. Muti mukubwa wa ndani ya bawa, ule unaobeba uzito wote, nyuzi zake lazima zikimbie na urefu. Kanuni za Marekani za kutengeneza ndege zinakubali nyuzi zipotoke santimeta 1 kwa santimeta 15 za urefu, hapana zaidi. Na macho inadanganya: mistari munayoona juu ya mbao inaweza kunyooka, kumbe nyuzi zenyewe zinaenda upande. Kwa hiyo fundi anadondosha tone la wino. Wino unakimbia kufuata nyuzi, unasema kweli.

Ngozi ya bawa ni ingine. Hewani bawa inataka kujinyonga sawa nguo munayokamua, basi mbao nyembamba za kubandika wanazilaza kimshazari, pembe ya digrii 45, zikatae ule munyongo. Fundi akizinyoosha kwa kuokoa mbao, ndege inapendeza tu chini.

Pa kuunga mbao mupya na ya zamani, mukato unakuwa murefu, karibu mara 12 ya unene wa mbao, na unafuata upande nyuzi zinaelekea. Ukikata kinyume, ncha inabaki na nyuzi fupi-fupi, na gundi haina kitu cha kushika.

Yote hayo kwa ndege ya kuonyesha watu siku ya sikukuu! Sisi tunashuka kila siku, na mipini inafika kwa mifuko, hakuna anayeigeuza kuiangalia.

Sasa delege wetu wanasimama kwenye magazini na chupa ya wino. Mupini wenye nyuzi za kutoka pembeni, tunaurudisha. Mutunza magazini alikasirika, ati tunachafua vifaa vya kompanyi. Vile vipande viko ndani ya kabati ya biro yetu. Patroni akitaka kuviona, aje.