Pikapu Iliyoinuliwa: Tairi Ndiyo Hubeba, Springi Hupisha Njia

Je, wajua kwamba ukiinua pikapu kwa sentimita 5 kwa kubadilisha springi peke yake, sehemu yake iliyo karibu zaidi na ardhi haisogei hata kidogo? Bodi inapanda, bampa inapanda, dereva naye anapanda, lakini difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linabaki palepale. Springi hukaa juu ya ekseli, kwa hiyo huinua kilicho juu yake tu. Ekseli yenyewe na difu yake hubebwa na tairi.

Hilo lina uzito wake Lubumbashi. Mji huu wa shaba katika eneo la Katanga, Kongo, uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, una lami inayoelekea Likasi na Kolwezi upande mmoja, na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia upande wa pili. Ukiiacha lami kwenda mashambani, kwenye machimbo madogo au kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, ambao sehemu yake ni hifadhi ya taifa tangu 1970, unakutana na udongo mwekundu wa Katanga. Kiangazi unakuwa vumbi. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua huulainisha, na malori ya makaa na mahindi huchimba mifereji miwili kufuata tairi zake, huku mgongo wa udongo ukibaki katikati. Lori hupita, maana ekseli yake iko juu. Pikapu inayofuata hutumbukia kwenye mifereji ileile, difu ikagota kwenye ule mgongo, na sehemu ya uzito wa gari ikahamia hapo. Tairi za nyuma zikishapunguziwa uzito hazina tena cha kukamatia. Zinazunguka bure na gari limekalia tumbo.

Ndiyo maana mwenye pikapu huanza kutamani tairi kubwa. Ni tamaa yenye akili, ila tuipigie hesabu kwanza.

Tairi inayopatikana kwa wingi kwenye pikapu ni 265/70R16. Namba hizo husomeka hivi: upana ni milimita 265, ukuta wa pembeni ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Ukijumlisha kuta mbili na rimu unapata kimo cha milimita 777 hivi. Panda hadi 285/75R16 na kimo kinafika milimita 834. Tofauti ni milimita 57, lakini nusu yake huenda juu ya ekseli na nusu huenda chini. Difu imepanda milimita 28 tu, hata sentimita 3 hazijafika. Hiyo ndiyo faida halisi ya tairi ile kwenye mgongo wa udongo, nayo si ndogo: wakati mwingine gari hugota kwa kimo kisichozidi hapo.

Springi zinaingiaje basi? Tairi kubwa inahitaji nafasi. Ukikata kona hadi mwisho, itasugua madigadi au bampa. Ukipita shimo, itapanda na kugonga. Kuinua bodi kunaipisha. Tena bodi ikiwa juu, pua ya gari haichomi kwenye ukingo wa korongo, na tangi la mafuta linaepuka visiki.

Namna ya kuinua hutegemea gari lilivyoundwa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984 na hadi leo ndiyo farasi wa migodi ya Katanga. Pikapu yake ya 79, iliyokuja 1999, ina ekseli nzima mbele na nyuma. Mbele hukaa juu ya springi za koili, na nyuma juu ya springi za mabamba, yaani vyuma vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine. Mbele fundi huweka koili ndefu zaidi. Nyuma huongeza bamba, au hubadilisha fungu zima kwa lenye mpindo mkubwa zaidi. Wengine huchomeka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kisha hufunga kwa yubolti ndefu. Njia hiyo ni rahisi, lakini kadiri chuma kinavyokuwa kirefu ndivyo ekseli inavyopata nguvu ya kuipinda springi gari linapoondoka kwa kishindo. Kwenye ekseli ya mbele, inayobeba usukani na sehemu kubwa ya kazi ya breki, chuma hicho hakifai kabisa.

Hilux za siku hizi hazina ekseli nzima mbele. Kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake. Ukiliinua gari, zile shafti fupi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu huinama zaidi, na mipira inayofunika jointi zake hujikunja muda wote. Mpira ukichanika, grisi hutoka, mchanga huingia, na jointi huisha upesi. Ndiyo sababu gari la namna hii halivumilii kuinuliwa sana.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni hadi tairi ikwaruzwe. Springi ndefu huinua gari linapotulia, lakini haibadilishi kikomo cha ekseli kupanda. Kikomo hicho kimewekwa na mpira mnene ulio chini ya fremu. Gari likidunda kwa nguvu shimoni, ekseli hufika palepale ilipofika siku zote, ila sasa imebeba tairi kubwa zaidi. Asiyeurefusha mpira ule atasikia tairi ikigonga bodi licha ya gharama zote. Vivyo hivyo shokapu: zikibaki fupi, zitavutwa hadi mwisho wake kila gurudumu linaponing'inia. Nayo mipira ya breki inayoshuka kwenye ekseli lazima iwe mirefu ya kutosha.

Tulale sasa chini ya gari, upande wa nyuma, tutazame kitu kimoja kwa karibu. Kwenye pikapu nyingi za Toyota kuna valvu ndogo iliyofungwa kwenye fremu, na mkono mwembamba unaoiunganisha na ekseli. Kazi yake ni kuhisi mzigo. Ukipakia magunia ya unga, bodi inashuka, umbali kati ya fremu na ekseli unapungua, mkono unasogea, na valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma, maana uzito uko huko. Gari likiwa tupu, bodi inapanda na valvu inabana, ili tairi za nyuma zisijifunge na kuteleza. Sasa inua gari sentimita 5. Umbali ule umeongezeka, na valvu inalihesabu gari kuwa tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma zinafanya kazi nusunusu, na za mbele zinabeba sehemu kubwa ya kazi. Dawa yake ni kuinua kishikio cha ule mkono kilicho kwenye ekseli kwa kiasi kilekile bodi ilichopanda. Ni kazi fupi kwa fundi anayeijua, na asiyeijua anamrudishia mteja gari zuri kwa macho lenye breki pungufu.

Mbele nako kuna pembe ya kurekebisha. Uma wa baiskeli umelazwa kidogo kuelekea nyuma, na hiyo ni moja ya sababu mwendeshaji anaweza kuachia usukani na baiskeli ikaendelea kunyooka. Gari nalo lina mlazo wa namna hiyo, mafundi huuita kasta. Land Cruiser ikiinuliwa mbele, mikono inayoshika ekseli huizungusha na kuupunguza mlazo huo. Usukani unakuwa mwepesi na wenye kutangatanga, na kwenye lami ya Likasi dereva analazimika kulirudisha gari njiani kila wakati. Tatizo hilo hutibiwa kwa bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati. Iko pia fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Gari likipanda, fimbo huivuta ekseli kando, na magari yaliyoinuliwa sana huhitaji fimbo yenye urefu unaorekebishika.

Tairi yenyewe haikosi gharama. Kwa kuwa imekua kwa asilimia 7, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7. Mshale ukionyesha 100, unakwenda 107. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 za dashibodi, injini imekwisha kwenda zaidi ya 5,360. Nguvu ya kusukuma gari nayo inapungua kwa kiasi hichohicho katika kila gia, na vilevile nguvu ya breki kwa mkanyago uleule.

Kubwa kuliko yote ni kupinduka. Chukua pikapu ambayo tairi zake zimeachana mita 1.5, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 75. Ukigawanya kwa kimo unapata 1. Sasa kitovu kipande hadi 82: unapata 0.91. Nguvu inayotosha kuliangusha gari kwenye kona imeshuka kwa asilimia 9, kabla hujapanga magunia ya makaa hadi juu ya kabini.

Hata hivyo, mshiko hautokani na kimo pekee. Iceland kuna kampuni ya Arctic Trucks inayozipa Hilux tairi za inchi 38. Mwaka 2007 magari yake yalifika mahali ilipokuwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996. Huko tairi pana hutolewa upepo hadi gari likanyage juu ya theluji bila kuzama. Somo hilo linafaa Katanga pia. Kwenye matope laini, kupunguza upepo kutoka bar 2.4 hadi 1.5 hurefusha unyayo wa tairi na kuongeza mshiko, bila kununua chochote. Difu hushuka kidogo, na ni lazima kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo wa kasi hupata joto na kupasuka.

Kwa hiyo utaratibu mzuri huanza chini kwenda juu. Kwanza ujue mzigo wako wa kila siku, kwa sababu springi ya kubebea kilo 500 itakurusharusha gari likiwa tupu. Kisha chagua tairi. Mwisho inua bodi kwa kiasi ambacho tairi hiyo inahitaji, usizidishe. Kwa pikapu ya kazi, sentimita 5 zilizorekebishwa breki, kasta na shokapu zake zinatosha njia nyingi za mkoa wa Haut-Katanga. Na fundi anapokukabidhi ufunguo, mwulize kuhusu ile valvu ya nyuma kabla hujamlipa: jibu lake litakuonyesha kama gari lako limetengenezwa au limeinuliwa tu.