Mashine Inasafisha Damu, Mifupa Je?

Kwetu Tukuyu mtu akilalamika mifupa, jibu ni moja: mpe maziwa. Rungwe mvua haina msimu wa kueleweka, majani hayakauki, na ng'ombe wa maziwa hakosekani kwa jirani kama hayupo kwako. Kwa hiyo likizo iliyopita, baba mkubwa alipoanza kuumwa nyonga na magoti, na mwili kumuwasha usiku kucha, tukamwongezea. Kikombe asubuhi, mtindi jioni. Mchemshaji nilikuwa mimi. Kumbe tulikuwa tunamzidishia ugonjwa.

Baba mkubwa anasafishwa damu. Mara 3 kwa wiki anapanda Coaster alfajiri, Kiwira, Uyole, hadi Mbeya, kilometa kama 70, anakaa kwenye mashine saa 4, anarudi jioni yuko hoi. Nyumbani tulielewa hivi: figo zimekufa, mashine imeshika nafasi yake, basi. Siku niliyomsindikiza ndipo muuguzi akanieleza kwamba mashine inashika sehemu tu ya nafasi hiyo.

Figo haichuji tu. Ndiyo inayomalizia kutengeneza vitamini D: jua linaianzisha kwenye ngozi, ini linaiendeleza, figo inaikamilisha. Figo zikifa, utumbo unanyonya kalsiamu kidogo mno. Wakati huohuo fosforasi, ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo, inabaki mwilini. Sasa shingoni tuna tezi 4 ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinaitwa parathairoidi. Zikihisi kalsiamu imeshuka na fosforasi imepanda, zinamwaga homoni inayoiamuru mifupa itoe kalsiamu yake. Mwanzoni huo ni msaada. Miaka ikipita tezi zinavimba, zinamwaga bila kusikia la mtu, na mfupa unaliwa kutoka ndani hadi unaweza kuvunjika kwa kujikwaa tu.

Na kalsiamu hiyo haiendi mbali. Ikikutana na fosforasi nyingi kwenye damu, inaganda kwenye kuta za mishipa na vali za moyo. Hapo ndipo niliposhtuka, maana wengi wanaosafishwa damu huondolewa na moyo.

Nikapiga hesabu kwenye Coaster tukirudi. Mgonjwa huambiwa asizidishe miligramu 800 hadi 1,000 za fosforasi kwa siku. Tuseme anakula 1,000, na utumbo unanyonya asilimia 60: ni 600 kwa siku, 4,200 kwa wiki. Mashine inatoa takriban 800 kwa kikao kimoja. Mara 3, ni 2,400. Kila wiki 1,800 zinabaki, hata akila kwa adabu. Kikombe kimoja cha maziwa kina zaidi ya 200. Sisi tulikuwa tunampa viwili, na dagaa juu, wale wa kuliwa na miiba yao.

Maharage nayo yana fosforasi, ila ya mimea hainyonywi sana kama ya nyama na maziwa. Inayonyonywa karibu yote ni ile ya kuongezwa kiwandani, kama asidi iliyomo kwenye soda nyeusi, hiyohiyo tunayonunua kantini.

Zile 1,800 ndizo kazi ya vidonge alivyoandikiwa. Vya kwake ni vya kalsiamu, lakini lengo si kuongeza kalsiamu. Vinaikamata fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu, kisha inatoka chooni. Kwa hiyo ni lazima vimezwe pamoja na chakula. Baba mkubwa alikuwa anavimeza saa 4 usiku, tumbo tupu, kwa sababu ndipo anapomeza vya presha. Miezi mitano! Hakuna aliyemuuliza, nami mwanafunzi wa chuo kikuu nikiwemo.

Tiba inayorudisha kazi yote ni figo mpya. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili mwaka 2017, lakini kwanza apatikane ndugu wa kuchangia anayefaa, na kwetu hayo mazungumzo ndiyo yameanza.

Kwa sasa kopo la vidonge linakaa mezani karibu na chumvi. Protini hatujamnyima, maana akiikosa atakonda, na mashine yenyewe inamnyang'anya kiasi. Maziwa wanakunywa wajukuu. Mama mkubwa bado ananipigia simu kuuliza ni hospitali gani hiyo inayokataza maziwa kwa mtu mwenye mifupa mibovu, na kila mara naanza upya kwenye zile tezi 4.