Lenzi ya 50: kioo cha bei nafuu kinachomtembeza mpiga picha

Je, wajua kwamba lenzi ambayo walimu wengi wa upigaji picha humshauri mwanafunzi ainunue kwanza haiwezi kuvuta kitu karibu hata kidogo? Ukitaka sura ya mtu ijae kwenye picha, msogelee. Ukitaka ukoo mzima uingie, rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Haina zumu. Ile ya Canon aina ya RF iliyotoka mwaka 2020 ina uzito wa gramu 160 na vipande sita tu vya kioo ndani yake. Hata hivyo, sijui kifaa kingine cha bei yake kinachoweza kubadilisha picha za mtu kwa kiasi hicho. Nazungumzia lenzi ya milimita 50.

Namba 50 ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kitovu cha lenzi hadi mahali ambapo taswira ya kitu kilicho mbali sana hujikusanya. Namba ikiwa ndogo, kama 24, lenzi huzoa eneo pana. Ikiwa kubwa, kama 200, huchagua kipande chembamba cha mbali na kukikuza. Ya 50 iko katikati, na ndiyo maana watu husema inaona kama jicho la binadamu. Kwa upana si kweli. Macho yetu mawili huzoa karibu nyuzi 200 kutoka kushoto hadi kulia, ilhali lenzi hii huona nyuzi 40 tu. Inachokaribia kufanana nacho ni ukubwa wa vitu vikilinganishwa, tukisimama kwa umbali ule wa kawaida wa kuongea na mtu: pua haifutuki, na mbuyu ulio nyuma haugeuki kichaka.

Kipimo hicho kilizoeleka kupitia Wetzlar, mji wa Ujerumani, katika kiwanda cha Ernst Leitz kilichokuwa kikitengeneza hadubini. Fundi wa hapo, Oskar Barnack, alipenda kutembea na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kamera za siku zile pamoja na mabamba yake ya kioo zilikuwa mzigo wa kweli. Kati ya 1913 na 1914 akaunda kamera ndogo ya mkononi inayotumia filamu ya sinema. Kwenye sinema filamu hiyo hupita wima, na kila picha huwa milimita 18 kwa 24. Barnack aliilaza, akapata picha yenye eneo mara mbili: 24 kwa 36. Hicho ndicho kipimo ambacho wapiga picha wa leo wanakiita fulu fremu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikachelewesha mambo, lakini kamera hiyo, iliyopewa jina la Leica, ilipoingia sokoni mwaka 1925 ilikuwa na lenzi ya milimita 50 iliyopigiwa hesabu na mwenzake, Max Berek. Wengine wakafuata.

Umbo la ndani la lenzi nyingi za 50 za leo ni la zamani zaidi ya Leica. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mjini Jena alibuni Planar, lenzi yenye nusu mbili zinazotazamana huku tundu likiwa katikati. Kasoro inayozaliwa na nusu ya mbele hufutwa kwa sehemu kubwa na nusu ya nyuma. Ulikuwa ubunifu mzuri ajabu, lakini ulikuwa na adui mmoja. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga. Planar ilikuwa na nyuso nane zinazogusana na hewa, kwa hiyo zaidi ya robo ya mwanga haikufika kwenye filamu. Mbaya zaidi, sehemu ya mwanga huo ilizunguka ndani ya lenzi na kuifanya picha ipauke. Ubunifu huo ulisubiri hadi mwaka 1935, Alexander Smakula wa Zeiss alipopata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba mno unaopunguza mwanga kurudi. Inamisha lenzi yoyote ya leo dirishani: ile rangi ya zambarau au kijani inayong'aa juu ya kioo ni kazi ya utando wa aina hiyo.

Sasa tufike kwenye tundu, maana hapa ndipo lenzi hii inapolipa fedha yake. Ndani ya lenzi mna vibati vyembamba vinavyofunguka na kujibana kama mboni ya jicho. Namba unayoiona, kwa mfano f/1.8, hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo kwenye lenzi ya 50, f/1.8 ni tundu la karibu milimita 28, na f/16 ni la milimita 3 tu. Namba ikipanda, tundu linabanwa. Wanaoanza hukanganywa na jambo hilo kwa sababu hawajaonyeshwa ule mgawanyo. Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera za kawaida, ukiiweka kwenye 50, mara nyingi haifunguki zaidi ya f/5 au f/5.6. Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi. Kwenye ukumbi wa sendoff saa tatu usiku, tofauti hiyo ni sawa na kupandisha kasi ya shata kutoka sehemu ya 10 ya sekunde hadi sehemu ya 100. Katika hali ya kwanza mikono ya wanaocheza inageuka moshi. Katika hali ya pili vidole vinahesabika, tena bila fleshi ya kumulika watu usoni.

Mtu mmoja aliipeleka hesabu hiyo mbali sana. Zeiss walikuwa wametengeneza lenzi chache za milimita 50 zenye f/0.7 kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Mwongozaji Stanley Kubrick alizipata tatu na kuzitumia katika filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975, akapiga maonyesho ya usiku kwa mwanga wa mishumaa.

Lakini tundu kubwa lina mtego wake, na wengi hunaswa wiki ya kwanza. Kadiri tundu linavyopanuka, ndivyo sehemu iliyo kali ya picha inavyokuwa nyembamba. Kwenye fulu fremu, ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu na umefungua f/1.8, sehemu kali ina unene wa karibu sentimita 4. Jicho likiwa kali, sikio limeshaingia kwenye ukungu. Ndiyo maana fokasi lazima iwe kwenye jicho, lile lililo karibu na kamera, na kamera iachiwe ijichagulie pale tu ambapo ina uwezo wa kutambua macho. Sasa fikiria familia ya bwana harusi imepangwa safu mbili, nawe uko mita 3. Kwa f/1.8 una chini ya sentimita 40 za ukali, na mashangazi wa safu ya nyuma wamepotea. Bana hadi f/5.6 na unapata takriban mita 1.2, zinazotosha safu zote mbili. Nimeona albamu nyingi za harusi ambazo tatizo lake lilikuwa hili peke yake, na mwenye picha akailaumu kamera.

Jambo jingine linahusu ngozi zetu, nami nalipa uzito. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa kuchukulia kwamba eneo linalopimwa, kwa wastani, ni la kijivu. Msimamishe mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, na kamera itajaribu kuushusha ule weupe hadi kijivu. Uso unazama gizani. Wapiga picha wengi huufufua baadaye kwa kompyuta hadi rangi yake halisi inapotea. Dawa iko kwenye kitufe cha kufidia mwanga, chenye alama za kujumlisha na kutoa: ongeza hatua moja pale weupe unapotawala, punguza pale buibui au suti nyeusi inapotawala, au pima mwanga kwenye uso wenyewe. Historia ya filamu ina doa hapa. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie. Kamera za leo zina uwezo mkubwa wa kushika weupe wa kanzu na weusi wa ngozi kwa pamoja. Anayeharibu uso siku hizi ni mpiga picha asiyegusa kile kitufe.

Na jua? Karibu na ikweta, jua la saa sita linasimama juu ya utosi na kuchimba mashimo meusi machoni. Mpeleke mtu barazani, chini ya mwembe au mlangoni, aelekee kwenye uwazi. Jioni nayo usichelewe. Kwetu jua hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu hudumu muda mfupi kuliko Ulaya wakati wa kiangazi. Uwe umeshafika na kujipanga kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Aliyeipa lenzi hii heshima kuliko wote ni Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeanza kutumia Leica mapema miaka ya 1930 na kubaki na milimita 50 kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Alifunika sehemu zinazong'aa za kamera kwa utepe mweusi ili asionekane. Kisa chake kinatugusa kwa karibu, maana mwenyewe alisimulia kwamba picha iliyomsukuma kushika kamera kwa dhati ilikuwa ya Mhungaria Martin Munkácsi, inayojulikana kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika: wamepigwa kwa nyuma, weusi dhidi ya povu, wakikimbilia mawimbi. Mikono, miguu na maji vimekaa mahali pake kwa nukta moja ya sekunde. Cartier-Bresson alitumia miaka akitafuta nukta kama hiyo, na lenzi isiyobadilika ilimsaidia kwa sababu aliujua upana wake kabla ya kuinua kamera. Alijua tayari nini kitaingia. Kilichobaki kilikuwa kusimama mahali sahihi na kusubiri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema lenzi ya zumu inatosha kwa kujifunzia. Zumu humruhusu mtu kubaki alipo. Kumbe mwonekano wa picha, yaani nini kiko mbele ya nini na kwa ukubwa gani, huamuliwa na mahali uliposimama. Mwenye lenzi ya 50 hulazimika kupiga magoti, kupanda ngazi, kuzunguka upande wa pili wa meza ya samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam.

Kabla ya kununua, angalia kihisi cha kamera yako, yaani kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo kuliko fulu fremu, na juu yake lenzi ya 50 huona kama ya 75 au 80. Ni nzuri kwa sura, lakini inabana ndani ya nyumba; mwenye kamera hiyo anayetaka upana ule wa Barnack atafute ya 35. Ukinunua iliyotumika, ifungue tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame ndani. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huilea vizuri. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Iliyo safi ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, usiiache ndani ya mkoba wa ngozi.

Basi wewe unayeweka akiba ya kamera mpya, sitisha kidogo. Chukua sehemu ya fedha hiyo ununue lenzi ya 50, au 35 kama kihisi chako ni kidogo, uifunge kwenye kamera uliyo nayo na usiivue mwezi mzima. Chagua mahali pamoja panapofikika kwa miguu, omba ruhusa ya watu, rudi kila wiki. Mwisho wa mwezi safisha kumi kati ya picha hizo kwenye karatasi na uwapelekee waliomo.